Umealikwa sauna Ufini na watu wanaingia uchi: jinsi ya kuiandaa akili yako

Ukihamia Ufini kwa shule au kazi, au hata ukienda kutembea tu, itafika siku mtu atakwambia twende sauna, yani kile chumba chenye joto kali ambacho watu wanakaa kutoa jasho, na utagundua wanaingia uchi kabisa, hakuna kaptula hakuna kanga. Sisi tuliokulia Bongo au Mombasa hapo ndo moyo unaanza kwenda mbio, maana kwetu mtu mzima kuvua mbele ya watu ni jambo zito. Naandika hii kwa sababu watu wengi wanakataa mwaliko kwa aibu, afu wanapitwa na kitu ambacho kingewasaidia sana kichwani, hasa kipindi kile cha baridi jua linazama saa 9 mchana na upweke unakaba.

Kwanza liweke hili akilini kabla hujatoka nyumbani: uchi wa sauna hauna uhusiano wowote na mapenzi. Wafini wenyewe wana msemo kwamba saunani mtu anakaa kama yuko kanisani, na zamani wanawake walikuwa wanajifungulia humo na maiti zinaoshwa humo, kwa hiyo ni sehemu ya heshima. Nchi ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinakadiriwa kufika milioni 3 au zaidi, na mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni huu kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sauna za umma kwa kawaida wanaume kivyao na wanawake kivyao, wanaoingia pamoja ni familia. Ila ukienda Ujerumani usishangae, kule nyingi zinachanganya wanaume na wanawake, uliza kabla.

Na kuuliza ndo hatua yenyewe ya kwanza. Mwambie mwenyeji wako wazi, mimi sijazoea, tunaingiaje? Kwa mtu nyumbani ukijifunga taulo hakuna atakaekusema. Kwenye mabwawa ya kuogelea ya umma ni tofauti, nguo ya kuogelea hairuhusiwi ndani ya sauna na unatakiwa uoge kwanza na sabuni bila nguo, ni suala la usafi tu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni chumba cha kubadilishia nguo, joto lenyewe wala sio tatizo. Pale ndo akili inakupigia kelele kwamba kila mtu anakuangalia. Usivue kidogo kidogo ukasimama nusu nusu unazubaa, vua zote kwa mkupuo, tundika, chukua kitambaa chako cha kukalia, nenda kaoge. Simu iache kwenye kabati. Ukiongea na mtu muangalie usoni. Kama wewe ndo mweusi peke yako humo inawezekana mtu akakutupia jicho mara moja, watoto ndo kabisa, ila wengi hata hawageuki, wamekuja kupumzika na wao.

Ukiingia kaa benchi la chini, juu kuna joto zaidi, na kwa kawaida humo ndani ni kama nyuzi 70 mpaka 90 hivi. Mtu atachota maji kwa kata na kumwaga kwenye mawe ya jiko, utasikia chiiii, sekunde mbili tatu hakuna kitu, afu wimbi la joto linashuka kutoka darini linakugonga masikio na mabega na unahisi pua inaungua. Hapo mwili unataka kukimbia. Inamisha kichwa, pumua taratibu kwa mdomo, litapita. Na hapa ndo kazi ya akili inapofanyika, yani huwezi kuwaza kodi ya nyumba wala bosi wakati ngozi yote inakudai umakini wako, mawazo yanakatika yenyewe bila kulazimisha. Mapigo ya moyo yanapanda kama mtu anaetembea haraka, ubongo unamwaga endofini, zile kemikali za mwili zinazopunguza maumivu na kuleta raha, na ukitoka nje kupoa baada ya dakika nane au kumi, ukakaa barazani mvuke unapanda kutoka kwenye mikono yako, unakuja utulivu fulani mzito wa mwili mzima. Usiruke hiyo sehemu ya kupoa, raha yenyewe iko pale.

Usishangae pia watu wakinyamaza. Mfini akikaa kimya pembeni yako hajakununia, na wewe huna haja ya kutafuta stori. Ila ndo humo humo mtu aliyekuwa hajawahi kukwambia lolote kazini anaweza kuanza kuongelea talaka yake au msiba wa baba yake, kwa sababu hakuna cheo wala nguo ya kujifichia. Akianza, sikiliza tu.

Kitu kingine kinakuja polepole: unaona miili ya watu wa kweli. Babu mwenye kovu la upasuaji katikati ya kifua, mama mwenye mshono wa kujifungua, vitambi, michirizi. Kwa mtu anaejichukia mwili wake kwa sababu ya picha za Instagram hii ni dawa kubwa. Mwanasaikolojia Keon West wa chuo kikuu cha Goldsmiths, London, amechunguza watu wanaokaa uchi na wenzao bila mambo ya ngono na akakuta inaendana na kuuona mwili wako vizuri zaidi na kuridhika na maisha.

Sauna haitibu sonona lakini, kama unaumwa muone daktari. Usiingie umelewa, kunywa maji, na mwenye matatizo ya moyo au presha aulize hospitali kwanza. Kama uliwahi kufanyiwa ukatili na kuvua kunakurudisha huko, usimruhusu mtu yeyote akushinikize kwa jina la utamaduni.

Na Waislamu ambao sitara ni wajibu, au yeyote asietaka kuonekana, magorofa mengi ya kupanga Ufini yana sauna ya jengo, unaomba zamu yako ya kila wiki kwa msimamizi wa nyumba, unalipia kidogo kwa mwezi, na saa hiyo mlango ni wako na mwenza wako tu. Zamu za Ijumaa na Jumamosi jioni zinawahiwa sana, omba mapema.