Kufufua giaboksi na klachi kwa fedha kidogo

Mwenye Hiace au Hilux ya zamani mjini Tanga, hasa ile inayopanda milima ya Amani na kurudi na mizigo, hufika siku akasikia giaboksi inalia, na jambo la kwanza linalomjia ni bei ya giaboksi nyingine. Mara nyingi haihitajiki. Kinachogharimu zaidi katika kazi hii si beringi wala sili, bali ni kushusha giaboksi na kuipandisha, na hasara kubwa humpata yule anayelazimika kuishusha mara mbili. Kwa hiyo kila kifaa cha bei ndogo kisichoweza kufikiwa bila kushusha giaboksi kibadilishwe safari hiyo hiyo, hata kama bado kinaonekana kizima, na kila kifaa cha bei kubwa kipimwe kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Uchunguzi uanze gari likiwa bado linatembea. Washa injini, weka gia huru, usikilize. Kelele ikikoma unapokanyaga pedeli ya klachi, shuku beringi ya shafti ya kuingizia, kwa kuwa shafti hiyo husimama klachi inapoachia. Kelele ikianza pale unapokanyaga, mwenye kosa huenda ni rilisi beringi, yaani beringi inayosukuma klachi iachie. Gia moja tu ikikwaruza wakati wa kuingia, tatizo liko kwenye sinkronaiza ya gia hiyo, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Lakini zikigoma zote, na rivasi ikakwaruza kuliko nyingine, ilhali injini ikizimwa zinaingia kwa ulaini, basi klachi haiachii vizuri na huenda dawa ni mipira ya masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli ya klachi) peke yake, kazi isiyohitaji kufungua giaboksi hata kidogo. Nimeona watu wakishusha giaboksi nzima kwa sababu ya mpira uliokatika. Gia inayoruka yenyewe ukiachia mafuta ina sababu nyingi: meno yaliyolika, uma wa kusogeza gia uliochakaa, springi iliyolegea, au mpira wa kushikia giaboksi uliopasuka, na huo wa mwisho ndio rahisi zaidi, kwa hiyo uangaliwe mwanzo.

Mwaga oili ya giaboksi ikiwa ya moto na uichuje kwa kipande cha kanga kuukuu. Unga laini wa chuma ni jambo la kawaida kwa gari lililotembea miaka mingi, na chembe zenye rangi ya shaba hutoka kwenye ringi za sinkronaiza. Ila vipande unavyoweza kuvihesabu kwa kidole ni meno ya gia au ganda la beringi.

Katika kushusha, sina mengi ya kusema zaidi ya usalama. Gari likae juu ya stendi za chuma, kamwe lisikae juu ya matofali wala mawe ya matumbawe, ambayo hupasuka bila kuonya. Giaboksi ishikwe na jeki au watu wawili mpaka shafti yake itoke kabisa kwenye pleti ya klachi, kwa maana ikiachwa ining'inie hupinda kitovu cha pleti. Vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa, kwani pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Klachi ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Kwenye Toyota nyingi, kina kutoka uso wa msuguano hadi kichwa cha ribiti kisipungue milimita 0.3, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, isiyumbe zaidi ya milimita 0.1. Flaiwili yenye mikwaruzo au madoa ya bluu ya joto ipelekwe kwa fundi mkereza vyuma aisawazishe, badala ya kununua nyingine. Kubandika upya uso wa msuguano kwenye pleti kuukuu ni rahisi kwa bei, na gari la kuzunguka mitaa ya mjini kama Ngamiani na Chumbageni linaweza kustahimili. Gari la mlimani sishauri, maana springi za kitovu zinabaki zile zile zilizochoka. Rilisi beringi inunuliwe mpya, na isioshwe kwa petroli kwa sababu grisi yake imefungiwa ndani.

Nilijifunza kwa uchungu habari ya sili. Mwaka mmoja niliweka pleti mpya, nikaacha sili ya mbele ya giaboksi kwa kuwa haikuwa ikivuja siku ile. Haukupita muda oili ikalowesha pleti, klachi ikaanza kuteleza, na kazi yote ikarudiwa. Sili hiyo, pamoja na ile ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), ni vitu vya bei ndogo sana mbele ya pleti.

Unapoifungua giaboksi yenyewe, tandika gunia safi mezani, piga picha kila hatua, na upange vifaa kwa utaratibu ule ule vilivyotoka, huku ukiangalia gololi ndogo na springi zinazopenda kuruka uma zinapochomolewa. Beringi haina haja ya kununuliwa kwa jina la gari. Namba imeandikwa ubavuni: 6306, kwa mfano, ni beringi yenye tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 72 na upana 19, iwe imetoka kwenye giaboksi au kwenye mashine ya kuchakata mkonge, na wauza beringi za mashine huwa nayo. Herufi zinazofuata namba ndizo za kuchunga, kwa kuwa NR humaanisha beringi yenye mfereji na pete ya kuizuia, na C3 humaanisha nafasi kubwa kidogo ndani. Ukikosea hapo, beringi haitakaa au haitadumu. Ringi ya sinkronaiza ibanwe kwa mkono juu ya koni yake na kuzungushwa: inapaswa kung'ang'ania. Kisha pima mwanya kati ya ringi na gia kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia mwanya. Ukishuka chini ya kipimo cha kitabu cha gari, ambacho kwenye giaboksi nyingi za Toyota kiko kati ya milimita 0.6 na 0.8, ringi imekwisha.

Gia zenye meno mazima, shafti na ganda la giaboksi virudishwe. Lakini ukikuta shafti ya chini imevunjika meno pamoja na gia nyingine mbili, acha kujenga, kwa kuwa giaboksi ya mtumba itakuwa rahisi. Hesabu mifereji ya shafti yake kabla ya kulipa ili pleti yako iingie.

Hewa ya bahari hapa haisubiri. Chuma kilichooshwa jioni kwa dizeli na kuachwa kikavu huamka na kutu, kwa hiyo kila kifaa kipakwe oili mara tu kinapokauka. Beringi mpya ipashwe moto ndani ya oili hadi kama nyuzi 100 za selsiasi, itateleza kwenye shafti bila nyundo. Ukilazimika kugonga, gonga pete ya ndani kwa bomba unapoiweka kwenye shafti, na pete ya nje unapoiweka kwenye ganda. Kabla ya kufunga ganda, zungusha shafti kwa mkono katika kila gia, pamoja na rivasi.

Pleti isimamishwe katikati kwa shafti kuukuu, au kwa mti uliochongwa na seremala, na boliti za presha pleti (kifuniko kinachoibana pleti) zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Mifereji ya shafti ipakwe grisi kidogo mno. Oili iwe yenye alama ya daraja la GL-4, mara nyingi ya uzito wa 75W-90, maana baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vya salfa vinavyokula shaba ya ringi. Toa hewa kwenye mfumo wa klachi, acha pedeli mchezo wa milimita 5 hadi 15, kisha endesha taratibu hadi Pongwe na kurudi, uingie chini ya gari na tochi kutafuta tone. Baada ya kilomita 500 mwaga oili hiyo, uichuje tena kwa kanga, na uweke mpya.