Kusanidi Utafutaji katika SharePoint kwa Taasisi Inayotunza Nyaraka kwa Kiswahili

Taasisi inapohamisha majalada yake kutoka masjala kwenda kwenye mfumo wa kusimamia nyaraka, lalamiko la kwanza la watumishi huwa lile lile: faili lipo, lakini halionekani linapotafutwa. Msimamizi wa mfumo hushawishika kuanza na kile kisanduku cha utafutaji kilicho juu ya ukurasa, ilhali sehemu kubwa ya utafutaji huamuliwa mapema zaidi, pale hati inapohifadhiwa na kupewa maelezo yake. Mwongozo huu unahusu SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kutunza nyaraka, iliyo ndani ya Microsoft 365, kwa kuwa ndiyo ambayo ofisi nyingi zinakuwa nayo pamoja na barua pepe, na mwishoni unagusa kidogo Alfresco, mfumo mwingine wa kusimamia nyaraka.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hati zinaingia katika faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo mfumo huitumia kutafutia. Fungua mipangilio ya juu (Advanced settings) ya kila maktaba ya nyaraka na uangalie kama yaliyomo yameruhusiwa kuonekana katika matokeo ya utafutaji, kwa sababu mara nyingi aliyeunda maktaba kwa majaribio alizima ruhusa hiyo na hakuirudisha. Kisha angalia kama maktaba inatunza matoleo madogo ya rasimu. Ikiwa inayatunza, hati ambayo haijawahi kuchapishwa kama toleo kamili haitaonekana kwa wanaoitafuta, hata kama mwandishi wake anaiona kila siku. Baada ya hapo kagua ruhusa. Utafutaji humwonyesha mtu kile tu anachoruhusiwa kukifungua, kwa hiyo watumishi wawili wakiandika neno moja na kupata matokeo tofauti, hiyo peke yake si hitilafu. Lililo baya zaidi ni kinyume chake, yaani karani kukutana na orodha ya mishahara kwa kuwa folda yake iligawiwa kwa kila mtu. Utafutaji ukianza kufanya kazi vizuri, uzembe wa aina hiyo hujitokeza hadharani, na ni heri uurekebishe kabla ya kuwatangazia watumishi huduma mpya.

Lipo pia suala la skani, ambalo katika ofisi zetu ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Barua ikishasainiwa na kupigwa muhuri hupitishwa kwenye skana na kuhifadhiwa kama PDF yenye jina la Scan_0043, na ndani yake hamna herufi hata moja, ila picha ya karatasi. Faharasa haiwezi kusoma kisichokuwepo. Washa utambuzi wa maandishi kwenye skana yenyewe au katika programu ya kompyuta inayopokea faili, na uweke utaratibu kwamba karani wa masjala habadilishi jina la faili tu, bali anajaza pia kichwa cha barua na kumbukumbu namba yake. Kwa barua za zamani zenye wino uliofifia utambuzi wa maandishi hukosea sana, hivyo hizo zitegemee maelezo yaliyojazwa kwa mkono.

Maelezo hayo hukaa katika safuwima, na hapa ndipo inapofaa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Unda safuwima katika ngazi ya tovuti, si ndani ya maktaba moja moja, kwa sababu safuwima ya tovuti hupatiwa yenyewe sifa inayoweza kuulizwa katika utafutaji, ilhali ile iliyoundwa ndani ya maktaba itakulazimu kuiunganisha kwa mkono. Zikusanye safuwima hizo katika aina za maudhui, kwa mfano Mkataba, Kibali, Barua na Muhtasari wa Kikao, ili kila hati idai maelezo yanayoihusu na si mengine. Pale penye orodha inayojulikana, kama vile wilaya au idara, usiruhusu watu waandike wapendavyo. Tumia safuwima ya kuchagua au hazina ya istilahi, yaani orodha kuu ya maneno rasmi ya taasisi, la sivyo utakuja kuona kichujio chenye Ilala, Manispaa ya Ilala na Wilaya ya Ilala kana kwamba ni sehemu tatu tofauti. Hazina ya istilahi ina faida ya ziada: unaweza kuandikia istilahi moja majina yake mengine, na karani anapoanza kuandika mojawapo, mfumo humletea jina rasmi.

Safuwima moja isikosekane, nayo ni tarehe ya hati. Wengi huridhika na LastModifiedTime, lakini hiyo huonyesha siku faili lilipoguswa mara ya mwisho, si siku barua ilipoandikwa, na barua ya mwaka 2009 iliyorekebishwa kichwa chake jana itapanda juu ya orodha kama vile imeingia leo.

Sasa tuje kwenye skimu ya utafutaji, yaani orodha ya sifa za hati zinazotumiwa katika utafutaji, inayopatikana katika kituo cha usimamizi cha SharePoint. SharePoint hutofautisha sifa za namna mbili. Zipo sifa zilizokusanywa, ambazo mfumo huziokota kutoka kwenye safuwima wakati wa kupitia nyaraka na ambazo majina yake huanza na ows_. Na zipo sifa zinazosimamiwa, ambazo ndizo zinazoweza kuulizwa, kupangwa na kuchujwa. Sifa iliyokusanywa haitatokea kwenye orodha mpaka angalau hati moja iwe imejazwa safuwima hiyo na mfumo uwe umeipitia, jambo linalowafanya wengi wadhani wamekosea. Jaza hati moja ya mfano, subiri, kisha urudi.

Katika SharePoint ya mtandaoni huwezi kuunda sifa mpya inayochujika. Badala yake unachukua mojawapo ya zile zilizoandaliwa tupu, kama RefinableString00 kwa maandishi, RefinableDate00 kwa tarehe na RefinableInt00 kwa namba kamili, unaiunganisha na sifa iliyokusanywa, na kuipa jina la pili linaloeleweka. Fanya kazi hiyo katika ngazi ya taasisi nzima, na uweke jedwali la kumbukumbu linaloonyesha namba ipi imetumiwa kwa ajili ya nini, maana baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka kwamba RefinableString07 ni idara. Ikiwa safuwima inatoka kwenye hazina ya istilahi, utakuta sifa mbili zilizokusanywa: yenye ows_ pekee hubeba jina linalosomeka, na yenye ows_taxId hubeba msimbo mrefu wa istilahi. Kwa kichujio cha kawaida chukua ya kwanza, vinginevyo watumishi wataonyeshwa mistari inayoanza na GP0 wasiyoielewa.

Baada ya kuunganisha, hakuna kitakachobadilika mpaka nyaraka zipitiwe upya. Agiza maktaba husika iingizwe tena katika faharasa kupitia mipangilio yake ya juu. Usiagize tovuti nzima yenye nyaraka nyingi ikiwa uliyobadilisha ni maktaba moja, kwa kuwa unauongezea mfumo mzigo na wewe mwenyewe utasubiri zaidi. Hakuna kitufe cha kuharakisha, na kazi huweza kuchukua saa chache au hata siku nzima.

Maswali yenyewe huandikwa kwa lugha iitwayo KQL (Keyword Query Language). Msimamizi anahitaji kuijua hata kama watumishi hawataiona, kwa kuwa ndiyo inayoendesha vichujio na vichupo, yaani vile vigawanyo vya ukurasa wa matokeo. Mkataba wa wilaya moja tangu mwanzo wa mwaka 2022 utaulizwa hivi, ikiwa sifa tatu zimepewa majina hayo ya pili:

AinaYaHati:Mkataba AND Wilaya:Temeke AND TareheYaHati>=2022-01-01

Viunganishi AND, OR na NOT lazima viwe vya herufi kubwa. Kumbukumbu namba yenye nukta na mikwaju iwekwe ndani ya alama za kunukuu, ili isisomwe vipande vipande.

Jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kukuambia ni jinsi ngeli zetu zinavyogongana na kanuni za KQL. Alama ya nyota inayosimama badala ya herufi zozote hukubaliwa mwishoni mwa neno tu. Kwa neno linalobadilika mwishoni hilo linatosha, lakini Kiswahili hubadilika mwanzoni: kibali na vibali, mkataba na mikataba, kikao na vikao. Nyota haisaidii hapo. Isitoshe, maneno yanayofuatana bila kiunganishi huhesabiwa kuwa yote yanatakiwa, kwa hiyo mtu akiandika vibali vya ujenzi, anaomba hati yenye vibali, na vya, na ujenzi, na hati fupi yenye kichwa Kibali cha Ujenzi inaweza kumkosa kwa mara mbili, kwanza kwenye nomino na tena kwenye lile neno dogo vya. Usitegemee mfumo ujue kwamba maneno hayo ni ndugu. Jaribu mwenyewe kwa hati mbili za majaribio kabla ya kuamua.

Dawa ninayoipendekeza ni safuwima ya maandishi ya Maneno ya Utafutaji, kila aina ya maudhui ikiundiwa ya kwake yenye thamani yake ya kuanzia. Kwa aina ya Kibali thamani hiyo iwe: kibali vibali cha vya ruhusa leseni. Kwa Mkataba: mkataba mikataba wa ya makubaliano, pamoja na neno la Kiingereza ambalo wahasibu wamelizoea. Karani haoni wala hajazi chochote, na kila hati mpya inaingia katika faharasa ikiwa imebeba umoja, wingi na visawe vyake. Kumbuka kwamba thamani ya kuanzia huzigusa hati mpya pekee. Za zamani zijazwe kwa mkupuo kupitia mwonekano wa gridi au kwa amri za PowerShell, zana ya Microsoft ya kuendesha kazi kwa amri zilizoandikwa. Kwa vichupo unavyoviandaa mwenyewe, tumia kiendeshi WORDS, kama vile WORDS(mkataba, mikataba), ambacho hukusanya matokeo yale yale ambayo OR ingeyaleta, lakini huyahesabu maneno hayo kama neno moja wakati wa kupanga kipi kitangulie.

Sura ya matokeo ni kazi nyepesi kuliko inavyoonekana. Katika kituo cha usimamizi cha Microsoft 365 unaweza kuongeza vichupo vya Mikataba au Vibali, kila kimoja kikiwa na swali lake la KQL, kukipa vichujio kutoka kwenye zile sifa za Refinable, na kubuni jinsi kila tokeo litakavyoonyesha kumbukumbu namba na tarehe. Alamisho, yaani matokeo unayoyaandaa mwenyewe kwa maneno fulani, nazo zina thamani kubwa kwa gharama ndogo: fomu ya likizo iwekewe maneno likizo, ruhusa na fomu ya likizo, itokee juu kabisa. Ikiwa taasisi inataka ukurasa wake wa utafutaji wenye mpangilio wa pekee, vipengele huria vya PnP Modern Search vinatosha, ila vinahitaji mtu wa kuvihudumia kila toleo jipya linapotoka. Pasipo mtu huyo, ningebaki na vya Microsoft.

Wanaotumia Alfresco wana nafuu kidogo kwa upande wa lugha. Lugha yake ya maswali hukubali nyota mwanzoni, hivyo *kataba hupata mkataba na mikataba, na Solr, injini ya utafutaji iliyo chini yake, inaruhusu faili la visawe, synonyms.txt, ambalo kila mstari huorodhesha maneno yanayohesabiwa kuwa sawa, yakitenganishwa kwa koma. Lucene, ambayo ndiyo msingi wa Solr, haiji na kichanganuzi cha Kiswahili, kwa hiyo orodha hiyo utaitunga mwenyewe.

Mfumo ukishaanza kutumika, fungua kila mwezi ripoti za utafutaji katika kituo cha usimamizi, hasa ile ya maswali yasiyo na matokeo na ile ya maswali yaliyoachwa bila kubofywa. Neno linalojirudia katika ripoti ya kwanza liongeze kwenye Maneno ya Utafutaji au litengenezee alamisho. Linalojirudia katika ya pili kwa kawaida huonyesha kwamba vichwa vya hati havijieleweshi, na hilo lirudishwe masjala, kwa karani anayejaza vichwa hivyo.