Somo: Kusaka santuri adimu kwa gari, kuanzia simu ya kwanza hadi kuzifikisha nyumbani zikiwa nzima

Wakuu, maswali ni yale yale kila wiki. Naanzia wapi? Nitajuaje kama ni chapa ya kwanza, yaani iliyochapwa albamu ilipotoka, si toleo la baadaye? Mbona zangu zimefika zimepinda? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nayaweka yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu.

Kwanza tuelewane. Kama unajua kabisa unachotaka na kipo mtandaoni, kiagize, okoa mafuta. Safari tunaifunga kwa ajili ya mali ambayo mwenye duka hajaiorodhesha popote: makasha yaliyo chini ya meza, mkusanyo ulionunuliwa juzi kutoka kwa familia ya marehemu, santuri ndogo za inchi 7 zisizo hata na jalada.

1. Orodha. Andika unazotafuta na ulizonazo, zikae kwenye simu zisomeke bila mtandao.

2. Simu. Maduka mengi ya watu binafsi yanaendeshwa na mtu mmoja. Akiugua, duka limefungwa, na ukurasa wake utaendelea kusema liko wazi. Piga siku moja kabla, uliza kama atakuwepo, kama ana stoo, na kama ana pleya ya kusikilizia. Usimuulize "una kitu gani adimu?" Swali hilo linamwambia wewe ni mlanguzi. Taja muziki unaoupenda, ataanza kufungua makasha mwenyewe. Ikwepe pia Jumamosi ya Record Store Day (siku ya maduka ya santuri), siku iliyoanza Aprili 2008 na ambayo kwa kawaida huangukia mwezi huo huo. Ni sherehe nzuri kwa maduka, lakini foleni ni ya matoleo mapya na hutapata hata nafasi ya kusimama mbele ya kasha.

3. Njia. Maduka mawili kwa siku, matatu ukizidisha. Kubwa liwe asubuhi, maana macho yakichoka unaipitisha mkononi santuri uliyoisaka miaka bila kuiona.

4. Vifaa. Tochi ndogo, lensi ya kukuzia, kitambaa laini, mifuko ya ndani mipya, na makasha magumu ya kubebea. Santuri 100 za inchi 12 na majalada yake zinakaribia kilo 25, kwa hiyo makasha madogo mawili ni bora kuliko moja kubwa.

5. Adabu ya kuchakura. Inua, usiburute. Rudisha ulipotoa. Omba ruhusa kabla ya kuitoa santuri ndani ya jalada.

6. Kuisoma santuri yenyewe. Hapa tusimame, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi muuzaji naye hajui.

Mwaka ulioandikwa nyuma ya jalada si mwaka wa kuchapwa. Ni mwaka wa haki za muziki, na kampuni ikichapa tena baada ya miaka thelathini inaweza kuuacha vile vile. Anza na mambo yanayojifichua haraka. Msimbopau ulianza kuonekana kwenye majalada mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo albamu ya 1964 yenye msimbopau ni chapa ya baadaye, kesi imeisha. Alama ya ℗ ilitokana na mkataba wa Roma wa 1961, kwa hiyo haiwezi kuwa kwenye lebo (karatasi ya katikati ya santuri) ya chapa ya 1958. Na LP (santuri za albamu nzima) za stereo, yaani sauti ya njia mbili, ziliingia sokoni kwa nguvu 1958. Ukiona neno stereo kwenye albamu ya 1955, hiyo si chapa ya kwanza, na huenda ni mono (sauti ya njia moja) iliyotanuliwa kwa mitambo baadaye.

Ikivuka hapo, itoe, ishike kwa kingo, iinamishe chini ya tochi. Kati ya mwisho wa wimbo wa mwisho na lebo kuna ukanda mtupu, na ndani yake kuna namba na herufi zilizochongwa kwa mkono au kugongwa kwa mashine. Hizo ndizo hati za kuzaliwa za santuri. Linganisha na picha na maelezo ya Discogs (tovuti ya orodha za santuri) herufi kwa herufi, pamoja na kistari na chochote kilichokatwa. Kukaribia kufanana hakutoshi.

Chukua Blue Note, kampuni ya santuri ambayo wapenzi wa jazz huitolea macho. Rudy Van Gelder, aliyerekodi na kukata (kuchonga mifuo ya sauti kwenye sahani ya mwanzo) sehemu kubwa ya kazi zao, aliacha RVG au VAN GELDER kwenye ukanda huo. Watu wakiiona wanakimbilia pochi. Tulia. Baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni ya Liberty, vyuma vile vile vya kuchapia viliendelea kutumika, kwa hiyo alama ya RVG iliendelea kutokea kwenye chapa za baadaye. Kinachotenganisha ni alama ndogo inayofanana na sikio, ambayo kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichowachapia hadi 1966. RVG bila sikio bado inaweza kuwa santuri nzuri ya kusikiliza, lakini usiilipie bei ya yenye sikio.

TAHADHARI: kagua pande zote mbili. Upande wa kwanza unaweza kuwa umetoka kwenye kukata kwa mwanzo, na wa pili kwenye kukata kwa tatu. Tena hakikisha santuri iliyomo ndiyo ya jalada hilo. Mwenye duka huona jalada, huweka bei, basi.

7. Hali yake. Iinue usawa wa jicho uone kama imepinda. Angalia tundu la katikati: vistari vingi kwenye lebo kuzunguka tundu maana yake imepigwa sana. Kung'aa kusikudanganye. Santuri iliyokanyagwa na sindano nzito inaweza kung'aa kama kioo na bado ikakoroma. Kama kuna pleya, usipige wimbo wa kwanza, piga wa mwisho wa kila upande. Kwenye LP, mfuo wa nje hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde, na wa ndani kabisa kama 21. Sauti ile ile imebanwa kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo uchakavu husikika huko kwanza.

8. Bei. Omba punguzo ukiwa na rundo, si moja moja, na usimwekee mwenye duka simu usoni yenye bei ya mtandaoni. Bei inayoombwa si bei iliyolipwa.

9. Joto. Santuri ni plastiki ya PVC, na huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi za Selsiasi. Gari lililofungwa juani siku ya joto hupita nyuzi 50 kwa muda wa saa moja, na kitu cheusi kinachopigwa na jua kupitia kioo hupanda zaidi. Santuri nyingi ni nyeusi. Hata kabla ya kufika 60, joto likikutana na uzito usio sawa linatosha kuikunja, kwa hiyo:

USIZILAZE. Zisimamishe wima, zibanane kiasi cha kutoinama wala kukandamizana.

USIZIWEKE kiti cha nyuma chini ya kioo, wala kwenye buti lenye bomba la moshi chini yake. Mahali pazuri ni sakafuni nyuma ya viti vya mbele, zikifunikwa na kitambaa cheupe.

USIZIACHE ndani ya gari mkisimama kula. Hakuna cha "dakika kumi tu". Zishushe, au mle kwa zamu.

Zile mpya zilizobanwa kwa nailoni, ichane siku hiyo hiyo. Nailoni ikipata joto husinyaa na kuvuta jalada, na santuri hufuata.

Maswali sasa. Someni kwanza.

---

SindanoButu: Mkuu, nimepitia juu juu. Nyuma ya jalada pameandikwa 1965, kwa hiyo ni ya 1965, au?

Mwandishi: Hatua ya 6.

SindanoButu: Ni ndefu.

Mwandishi: Na hasara ni ndefu pia.

Kasha_la_Chini: Muuzaji aliniambia daraja la G ni nzuri, nikachukua kadhaa. Zote zinakwaruza mwanzo mwisho. Nimeibiwa?

Mwandishi: Hujaibiwa, hukuuliza. Kwenye mpangilio wa Goldmine (jarida la wakusanyaji) unaofuatwa na wengi, ngazi zinashuka hivi: M (Mint), NM (Near Mint), VG+, VG (Very Good), G+, G (Good), halafu F (Fair) na P (Poor). G iko karibu na sakafu: itapiga bila kuruka, lakini kelele utaisikia. Ya kusikiliza kwa raha anzia VG+. Na ukiona VG+/G, kwa kawaida ya kwanza ni santuri, ya pili ni jalada. Uliza, wengine hugeuza.

UpandeB: Asante kwa somo. Nina LP ya zamani ya kampuni ya EMI ya Uingereza. Namba kubwa nimeielewa, lakini kuna herufi ndogo upande wa kulia wa ukanda, na tarakimu peke yake upande wa kushoto. Ni za nini?

Mwandishi: Haya ndiyo maswali! Shika santuri namba kubwa iwe chini, mahali pa saa sita. Tarakimu ya saa tisa ni ya "mama", yaani sahani ya chuma iliyotoa mihuri ya kuchapia. Herufi za saa tatu ni namba ya muhuri wenyewe, iliyofichwa kwa neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, na kuendelea hadi T ambayo ni 9, na D ni 0. Kwa hiyo GO ni muhuri wa 15. Mama 1 na herufi G peke yake maana yake yako ilitoka mapema sana kwenye msururu. Namba baada ya kistari nayo ni ya mara ngapi ilikatwa. Revolver ya Beatles ya 1966, chapa ya mono ya Uingereza, upande wa pili ukiwa XEX 606-1, wimbo wa mwisho una mchanganyiko wa sauti tofauti na uliokuja kuzoeleka. Ulibadilishwa haraka, kwa hiyo watu hutazama kistari hicho kabla ya kutazama jalada.

UpandeB: Naifuata kabatini sasa hivi.

Rafu_Wima: Mimi nimezilaza miaka yote na hazijapinda. Naona unatia watu hofu.

Mwandishi: Kabatini kwako kuna kivuli. Somo linahusu gari. Ukitaka kuzilaza zako juani, shauri lako.

Mpya_Njiani: Nikikutana na zile nzito za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) zinazovunjika, nizichukue? Pleya yangu ina kasi hiyo.

Mwandishi: Kasi haitoshi. Mifuo yake ni mipana, kwa hiyo unahitaji sindano yenye ncha pana zaidi ya ile ya LP, la sivyo inacheza chini ya mfuo na kuokota uchafu. Nyingi ni za shellac (utomvu wa wadudu, si plastiki), kwa hiyo usizisafishe kwa spiriti, maana inaiyeyusha. Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, tone la sabuni, kausha mara moja. Na usidhani zote ni za kale sana. India walichapa hata Beatles kwenye 78 katika miaka ya 1960, na wasakaji wanazililia.

Lebo_Kijani: Nje ya mada kidogo. Vibandiko vya bei kwenye jalada, mnavitoaje bila kuchana karatasi?

Rafu_Wima: Mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo, inua kona polepole.

Mwandishi: Hapo umesema. Toa santuri ndani kwanza. Kama jalada halina ngozi ya plastiki juu na kibandiko hakitaki, kiache.

Lebo_Kijani: Na mifuko ya nje, ile laini minene inayonukia plastiki?

Mwandishi: Hiyo ni ya PVC. Ikikaa miaka inatoa mvuke unaoacha ukungu juu ya santuri, na ukungu huo hausafishiki. Nunua ya polipropilini au polithini. Ukikuta dukani santuri imekaa kwenye ile ya zamani, itoe uitazame kwa tochi kabla hujalipa.