Jinsi ya Kufuatilia Msimu wa Saarlandpokal

Saarlandpokal ni kombe la chama cha soka cha Saarland, Ujerumani, na tiketi yake ni ya DFB-Pokal, kombe la taifa. Anza kwa kuchagua chama cha soka, si jimbo. Ujerumani ina majimbo 16, lakini vyama vya soka vya mikoa chini ya DFB, shirikisho la soka la nchi, ni 21, na kila kimoja kina kombe lake. Nordrhein-Westfalen pekee ina vitatu: Niederrhein, Mittelrhein na Westfalen. Baden-Württemberg nayo vitatu, Rheinland-Pfalz viwili. Ukitafuta kombe la Nordrhein-Westfalen nzima utakesha bure. Jina la mdhamini nalo lisikuzuge. Mdhamini huja na kuondoka, kombe ni lilelile.

Mimi nafuata Saarlandpokal, na mgeni yeyote namwambia aanzie hapo. Chama ni kidogo, timu unazizoea upesi, na kimeshatoa maajabu kuliko ukubwa wake.

Kabla ya msimu, jua nani hayumo. Klabu za Bundesliga na za daraja la pili hazichezi. Zina nafasi ya moja kwa moja DFB-Pokal. Timu zao za pili nazo hazimo. Ndiyo maana SV Elversberg ilipopanda daraja la pili mwaka 2023 ramani ya kombe ilibadilika: kigogo mmoja kaondoka, zikabaki 1. FC Saarbrücken ya daraja la tatu na FC Homburg ya la nne kuviziana. Kila kiangazi tazama nani kapanda na nani kashuka, la sivyo utamsubiri mtu ambaye hayupo.

Raundi za mwanzo usizipuuze, ingawa watu wengi husubiri robo fainali. Huko utakuta timu ya kijiji inamkaribisha mtu aliyeizidi madaraja matatu, jioni ya siku ya kazi. Matokeo na ratiba vyote viko kwenye tovuti ya fussball.de, hata vya madaraja ya chini kabisa. Soma pia kanuni za chama chako kuhusu sare: si kila mahali panachezwa dakika za nyongeza, kwingine dakika 90 zikiisha ni penalti moja kwa moja.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kombe linapata uzito. DFB-Pokal ina timu 64. Klabu 36 zinatoka madaraja mawili ya juu, nne zinatoka juu ya msimamo wa daraja la tatu, na 24 zinatoka kwenye vyama vya mikoa: moja kwa kila chama, na ya ziada kwa vile vitatu vikubwa, yaani Bavaria, Niedersachsen na Westfalen. Saarland ina tiketi moja tu. Lakini bingwa akiwa ameshafuzu kupitia ligi, tiketi humwangukia aliyefungwa fainali. Kwa hiyo wakati mwingine nusu fainali ndiyo mechi yenyewe, na fainali ni ya heshima. Fungua msimamo wa daraja la tatu (3. Liga) kila mwezi wa Aprili, utajua mapema.

Tiketi hiyo ina thamani gani? Waulize Saarbrücken. Walibeba kombe la mkoa mwaka 2019 wakiwa daraja la nne, na msimu uliofuata wakafika nusu fainali ya DFB-Pokal, klabu ya kwanza ya daraja hilo kufanya hivyo. Robo fainali waliitoa Fortuna Düsseldorf kwa penalti 7-6. Kipa Daniel Batz aliokoa nne kwenye matuta, juu ya ile aliyookoa ndani ya mchezo! Nusu fainali Leverkusen ikawafunga 3-0. Kwa klabu ndogo, hata raundi ya kwanza pekee siku hizi inaleta zaidi ya euro 200,000.

Fainali zenyewe tangu 2016 huchezwa siku moja nchi nzima, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, na televisheni ya ARD huzionyesha kwa kuruka kutoka uwanja hadi uwanja. (Mwaka wa korona, 2020, zilisogezwa hadi 22 Agosti.) Kuruka huko kunanikera, goli lako linaingia wewe ukionyeshwa fainali ya Thüringen. Chagua fainali yako uiangalie peke yake mtandaoni, halafu subiri droo ya DFB-Pokal. Raundi ya kwanza timu za chini ndizo hucheza nyumbani, kwa hiyo mshindi wako ndiye atakayemkaribisha mkubwa.