Kuusoma mji wa Kaole bila kushika jembe

Wageni wakija Kaole, mji wa kale uliobaki magofu, kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, husimama kwenye msikiti wa karne ya 13, hupiga picha makaburi ya nguzo, basi. Mimi nimekulia mashamba ya jirani, na najua mji ulienea kuliko mawe yanayoonekana. Wengi hawakujenga kwa matumbawe na chokaa. Walikandika udongo kwenye fito, na nyumba hiyo haiachi ukuta. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Chukua kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, jitambulishe serikali ya kijiji, kisha bisha hodi kwa wenye mashamba mmoja mmoja. Wazee wakikwambia pale pana makaburi, usikanyage.

Ngoja shamba lifyekwe, kabla ya masika. Panga watu wanne kwa mstari, mita tano kati ya mtu na mtu, mwende pamoja polepole macho chini. Anzeni alfajiri jua likichomoza: mwanga wa ubavuni huonyesha kituta kidogo kisichoonekana saa sita mchana.

Ukikuta bonge la udongo mwekundu ulioungua, ligeuze. Mara nyingi lina mfereji laini wa mviringo, unene wa kidole gumba: hapo ulilala ufito. Nyumba iliungua, udongo ukaiva kama chungu, na alama ya mkono wa mjenzi ikabaki. Mimi hilo hunigusa kuliko kigae cha kijani cha China, ingawa nacho uandike.

Rundo la mawe huenda ni kaburi, lipimie dira. Kibla chetu kiko kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akikielekea, kwa hiyo kaburi hunyooka mashariki hadi magharibi. Pwani tembea maji yakipwa, ukingoni mwa mikoko iliyoziba bandari ya zamani.

Mwaka wangu wa kwanza niliokota vigae ndoo nzima, nikavipeleka nyumbani. Vizuri vyote, lakini sikuweza tena kusema kipi kilitoka wapi, na pale shambani nilikuwa nimefuta ushahidi. Bado inaniuma. Siku hizi naweka kijiti, napiga picha nikiwa na rula kando, naandika namba ya mstari na vipimo vya jipiesi ya simu. Kisha kigae nakirudisha palepale, upande uleule juu.