Kabla ya kumwaga lami nyumbani, anza na maji

Jamani mnaopanga kuweka lami kutoka barabarani hadi mlangoni, msianze na bei. Anzeni kwa kuuliza maji yataelekea wapi. Masika ya hapa Dar, Machi hadi Mei, hayana huruma, na maji yakishaingia chini ya lami, hata gari dogo litaipasua. Mkandarasi akupe mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mtaroni, usielekee kwa jirani.

Halafu simamia tabaka la chini kwa macho yako. Hapo ndipo wengi tunapigwa. Udongo wa mfinyanzi utolewe, kiwekwe kifusi kizuri, kimwagiwe maji na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi sentimita 15. Kabla lami haijaja, pitisha Fuso lenye mchanga, taratibu. Tairi zikiacha alama au ardhi ikicheza, kazi bado. Mimi niliona haya kudai jaribio hilo. Masika moja tu, mbele ya geti pakabonyea kama sinia, nikalipa mara mbili.

Kwenye mkataba andikeni unene wa lami *baada* ya kushindiliwa, tuseme milimita 50 kwa magari madogo, maana ikimwagwa huonekana nene kisha inashuka. Bomba la maji na waya wa taa za geti vipite kwanza. Na lami ya moto ikifika imepoa, imeganda mabonge, usiipokee hata dereva akilalamikia foleni.