Viwiko visikolee kuliko mkono

Kwa mnaowapulizia wateja rangi ya kahawia katika saluni za huku Uingereza: kabla ya kuwasha mashine, paka losheni nyepesi isiyo na mafuta kwenye viwiko, magoti, vifundo vya miguu na viungo vya vidole, kisha pangusa kwa tishu ubaki utando tu. DHA, yaani kemikali ya kutia rangi iliyomo kwenye dawa, hugeuka kahawia inapokutana na protini za ngozi iliyokufa ya juu, na sehemu kavu zenye tabaka nene hunywa zaidi. Ni kama hina, ambayo hukolea kiganjani kuliko nyuma ya mkono. Losheni hupunguza unywaji huo. Ukizidisha, utaacha mabaka meupe. Na haitasaidia kama mteja hakujisugua siku moja kabla, kwa sababu magamba yakibanduka huondoka na rangi. Aliyenyolewa kwa nta asubuhi hiyo mwahirishie hadi kesho, la sivyo atatoka na vidoadoa vya vinyweleo. Kagua mapema, maana rangi halisi huchukua saa 4 hadi 8 kujitokeza, na kosa mteja ataliona akiwa kwake.